Mkahawa wenye jina kubwa na samaki mbichi mfupani: jibu kwa msomaji wa Bombo

*Shikamoo mwalimu. Naandika kutoka Bombo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tulimpeleka mama mkwe wangu, aliyetoka Arua kututembelea, kwenye mkahawa mmoja wa Kampala ambao kila mtu anausifu. Tulikuwa watu saba, watatu kati yetu watoto. Tulifika saa saba na nusu mchana, tukapata meza baada ya dakika 20. Tukaagiza luwombo ya kuku (kuku aliyeivishwa ndani ya jani la mgomba) na matoke, samaki mzima wa kukaanga, na chipsi kuku za watoto. Kila tukiuliza tunaambiwa "inakuja". Ilikuja baada ya saa moja na dakika 35. Chipsi vuguvugu na zimelegea, matoke magumu, kuku wa luwombo anavutika kama mpira na mchuzi wake maji matupu, samaki mbichi karibu na mfupa. Juisi ya pasheni tu ndiyo ilikuwa nzuri. Bili ilikuwa shilingi 260,000, wakaongeza asilimia 10 ya huduma, tukalipa 286,000. Mama mkwe alionja kidogo akasema ameshiba. Mimi sikusema neno, maana msichana aliyetuhudumia alikuwa amechoka hadi machozi yanamlenga. Jambo hili limenikaa moyoni. Je, nilitarajia makubwa mno? Mahali panaposifiwa hivyo panawezaje kupika hivyo? Na ningesema nini, kwa nani?*

Marahaba, dada yangu, na pole kwa siku hiyo.

Nianze na swali linalokuuma zaidi. Hapana, hukutarajia makubwa. Ni kweli kwamba sifa hupandisha matarajio, na mtu hupima alichopewa kwa kukilinganisha na alichokuja akikitegemea. Mwaka 1980 mtafiti wa Marekani, Richard Oliver, aliandika juu ya jambo hilo, na mpaka leo watu wa biashara ya huduma wanalifundisha. Lakini hilo lina mpaka wake. Kama ungeniambia kuku alikuwa mzuri ila si mzuri kama ulivyosimuliwa, ningekubali kwamba sifa ndizo zilizoharibu. Wewe umeniambia samaki alikuwa mbichi mfupani. Samaki kuiva ni jambo unalostahili hata kwenye kibanda chenye sigiri moja na benchi moja, uwe umewahi kulisikia jina la mahali hapo au hujawahi.

Swali la pili ndilo nitakalokaa nalo zaidi, kwa sababu sahani zako zenyewe zimelijibu. Nimefanya kazi ya jiko miaka 22, kwanza mbele ya karai, kisha nikiongoza wapishi, na sasa nawafundisha vijana wanaoingia kwenye kazi hii. Ukinieleza sahani ilivyofika mezani, naweza kukuambia jikoni kulikuwaje dakika ile.

Tuanze na chipsi za watoto. Mafuta ya kukaangia viazi yanatakiwa yawe na joto la nyuzi 170 hadi 180 hivi. Kiazi kikitumbukia humo, maji yaliyo ndani yake yanageuka mvuke na kutoka kwa nguvu. Ndiyo yale mapovu unayoyaona na ule mlio unaousikia. Mvuke ukiwa unatoka kwa nguvu, mafuta hayapati njia ya kuingia, na nje ya kiazi panakauka vizuri. Sasa mpishi aliye na foleni ya oda anashawishika kujaza karai. Viazi vingi vya baridi vinashusha joto la mafuta mara moja, mvuke unakuwa dhaifu, na viazi vinakaa humo vikilowa badala ya kukaangika. Vikitoka vimepauka, vimelegea na vimekunywa mafuta. Chipsi hizo haziharibikii mezani, zimeharibika tangu kwenye karai.

Fanya hesabu hii pamoja nami. Chukua karai linalotoa sahani nne kila baada ya dakika nane. Hizo ni sahani 30 kwa saa. Watu 50 wakiagiza chipsi kwa pamoja, wa mwisho atapata yake baada ya saa moja na dakika 44. Iweke kando ya saa moja na dakika 35 uliyokaa wewe. Sijaliona jiko lile, na huenda hata karai lao ni kubwa zaidi, lakini hesabu ni ileile kwa kila jiko: moto una kiasi chake cha sahani kwa saa, na hakuna bidii ya mpishi inayoweza kukipita kiasi hicho bila chakula kutoka kibichi.

Haya nayajua kwa mikono yangu. Mwaka wangu wa tatu kazini nilikuwa kwenye mkahawa mmoja uliopata jina ghafla kwa sababu ya kuku wake. Wiki moja kabla ya Pasaka mwenye mkahawa alikodi hema na viti 40 vya plastiki, akavipanga uani. Hakuongeza sigiri, wala karai, wala mpishi. Jumatatu ya Pasaka nilisimama mbele ya karai tangu saa tano asubuhi. Kufikia saa tisa nilikuwa natoa chipsi nyeupe, najua kabisa si nzuri, na bado natoa, kwa sababu karatasi za oda zilikuwa zimejaa dirishani na kila mhudumu aliyekuja alikuwa ametoka kutukanwa na mtu. Mzee mmoja akaja mwenyewe hadi dirishani, ameshika sahani kwa mikono miwili. Akaniambia, "Mwanangu, hizi hazijaiva. Nipe chache, lakini ziive."

Aibu ile sijaisahau. Lakini maneno yake ndiyo yaliyotuokoa siku ile. Nilipunguza viazi nilivyokuwa natia kwa mkupuo, mafuta yakabaki moto, kila mkupuo ukaiva upesi kuliko nilivyodhani ingewezekana, na foleni ikaanza kusogea. Baadaye mwenye mkahawa alinunua karai la pili, akapunguza menyu kutoka vyakula zaidi ya 60 hadi 18. Nakusimulia haya ili ujue kwamba ninaposema sahani zako zilitoka kwenye jiko lililozidiwa, simaanishi wapishi wavivu. Kiti cha plastiki kinanunuliwa asubuhi na mchana kimeshakaliwa. Moto unataka karai, gesi au makaa, bomba la kutolea moshi, mpishi aliyefunzwa na mshahara wake wa kila mwezi. Wenye mikahawa wengi wakipata jina huongeza kile cha kwanza, na cha pili wanakiahirisha.

Sasa matoke. Hapa nina neno la kuwatetea: nadhani matoke yako hayakupikwa vibaya. Yalisubiri. Unajua yanavyopikwa, yanamenywa, yanafungwa kwenye majani ya mgomba, yanaivishwa kwa mvuke juu ya vikonyo vya majani, yanapondwa yakiwa bado ndani ya majani, kisha yanarudishwa kwenye moto mdogo. Yakiwa humo ndani yanakaa laini kwa muda mrefu sana. Nenda kwa mama anayeuza chakula kwenye soko la Owino, Kampala, saa nane mchana, akifunua majani bado yanafuka. Yanaharibika pale yanapopakuliwa. Wanga wake ukipoa unakaza, na sahani iliyokaa robo saa kwenye kaunta inakuwa na yale matoke uliyokutana nayo.

Kwa nini ilikaa kaunta? Kwa sababu mlikuwa meza ya watu saba mlioagiza vyakula vinavyotoka kwa wapishi watatu tofauti. Anayepakua matoke alimaliza kwanza. Luwombo ikafuata. Samaki alikuwa bado. Msimamizi akasema meza ihudumiwe kwa pamoja, basi sahani zilizokuwa tayari zikasimama kuwasubiri wenzao. Wahudumu wanafundishwa hivyo na nia ni njema, watu wale pamoja. Lakini siku ya msongamano utaratibu huo unapoza chakula cha meza nzima kwa ajili ya sahani moja. Ndiyo maana mimi nikiwa na watoto au mzee nasema mapema kabisa, wakati wa kuagiza: "Leteni kila kinachokuwa tayari, msisubiri vingine." Sentensi hiyo peke yake ingewapa watoto wako chakula pengine nusu saa mapema, na matoke ya mama yangefika yakiwa laini.

Luwombo inanigusa zaidi, kwa sababu ni chakula cha heshima. Husimuliwa kwamba ilianzia kwenye jiko la Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, mwishoni mwa karne ya 19, na mpaka leo Buganda mgeni anayepewa luwombo anajua amekaribishwa. Mlimpa mama mkwe chakula kinachostahili, hilo lisikusumbue. Ila ni chakula kisichojua haraka. Jani linachaguliwa changa, lisilo na mpasuko, linapitishwa juu ya moto au kuanikwa juani mpaka lilegee, na mshipa wake wa katikati unaparwa kwa kisu polepole. Kuku anabanikwa kwanza juu ya makaa ili abebe moshi. Ndipo anaingia ndani ya jani na mchuzi, wa karanga au wa nyanya na vitunguu, jani linafungwa juu kwa kamba ya mgomba, linasimamishwa ndani ya sufuria na kuivishwa kwa mvuke, saa mbili na zaidi.

Ukijua hivyo, unaweza kuisoma luwombo iliyoletwa mezani hata kabla hujaonja. Angalia jani. Lililopikwa kweli limepoteza kijani chake, limekuwa na rangi ya mzeituni au ya kahawia, limelainika, mafuta ya mchuzi yamepenya, na ukilifungua harufu ya jani imechanganyika na ya nyama kiasi huwezi kuzitenganisha. Jani likija kijani kibichi, linang'aa, basi chakula kilipikwa kwenye sufuria kama mchuzi wa kawaida na jani likawekwa dakika za mwisho. Hukuniambia lako lilikuwa na rangi gani, lakini jaribu kukumbuka.

Mchuzi kuwa maji kuna njia mbili. Jani likichanika, matone ya mvuke yanaingia ndani saa nzima. Au mchuzi wa karanga umepashwa tena na tena mpaka ukagawanyika, mafuta juu na maji chini. Na kuku wa kuvutika kama mpira si kuku wa nyama. Kuku wa nyama anachinjwa akiwa na wiki tano hadi sita, ukimpika kupita kiasi anachambuka nyuzinyuzi, havutiki. Anayevutika ni kuku mzee, wa kienyeji au yule wa mayai aliyemaliza kutaga, anayeuzwa bei nafuu. Kuku huyo hana kosa lolote, na kwa supu hana mpinzani. Lakini mishipa na ngozi zinazoshikilia nyama yake zinahitaji joto la zaidi ya nyuzi 70 kwa saa nyingi ndipo ziyeyuke ziwe ute laini. Ukimpa dakika 50 anakuwa mpira. Kwa maoni yangu, hivi ndivyo ilivyokuwa: luwombo za alfajiri, zile zilizopikwa kwa utulivu, ziliisha kabla hamjafika, mkaangukia kundi la pili lililowekwa jikoni kwa haraka baada ya watu kujaa.

Samaki ndiye aliyenitia wasiwasi, na hapa naomba unisikilize vizuri. Samaki mzima mwenye rangi nzuri nje na ubichi mfupani mara nyingi ametoka kwenye friza na kuingia kwenye mafuta akiwa bado na barafu ndani. Au hakukatwa chale. Ngege, yule anayeitwa sato upande wa Mwanza, anapaswa kukatwa chale tatu kila upande, kisu kifike mfupani, ndipo joto lipate njia. Nenda Ggaba, kwenye soko la samaki la ziwani, uone wanavyowakata, mkono unakwenda wenyewe. Samaki aliyeiva, nyama yake imekuwa nyeupe, haipitishi nuru, na inaachana na mfupa ukiigusa kwa kidole. Ikiwa inang'ang'ania mfupa na ina rangi ya kioo, usile na usimpe mtu mwingine ale, hasa mtoto na mtu mzima wa umri wa mama mkwe. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kifikie nyuzi 70 katikati yake, kilichoiva kiwekwe kwenye joto la zaidi ya nyuzi 60 mpaka kiliwe, na kisikae nje bila moto wala baridi zaidi ya saa mbili. Matoke magumu ni huzuni. Samaki mbichi ni jambo la afya, na hapo uchovu wa mhudumu, hata ukimhurumia vipi, haupaswi kukunyamazisha.

Kuhusu sifa sasa. Nataka ujiulize: wale waliokusifia mahali pale walikula nini, na saa ngapi? Mikahawa mingi ya Kampala ilijipatia jina usiku. Watu wanakwenda baada ya kazi, wanakaa nje, kuna muziki, kuna nyama choma na gonja (ndizi za kuchoma), na hakuna anayetazama saa. Waganda wameichukua "mchomo" yetu wakaifanya "muchomo", na ni kweli wanaijua kazi hiyo. Mtu akirudi nyumbani anasema, "Nenda pale, chakula chao hakina mfano." Hakusema uongo. Alikula mishikaki saa tatu usiku. Wewe ukaenda mchana, mwisho wa mwezi, na watoto, ukaagiza luwombo. Umekwenda mahali pengine kabisa ingawa bango ni lilelile.

Linganisha na Namawojjolo kwenye barabara ya Jinja, au Lukaya kwenye barabara ya Masaka. Basi linasimama, wauzaji wanakimbilia madirishani na mishikaki, mapaja ya kuku na gonja. Wanauza vitu vichache, vilevile kila siku, moto uko hatua chache kutoka kwako, na muuzaji anajua dereva hatasubiri. Hapo ni nadra mtu kuondoka na kinyongo. Mkahawa wenye menyu ya kurasa kumi na mbili umeahidi mengi mno. Kila chakula kwenye menyu kinahitaji mtu wa kukiandaa asubuhi hata kama kitaagizwa na mtu mmoja, na kisipoagizwa kinarudi kwenye friji kungoja kesho. Kwa hiyo ukisikia sifa, usiulize tu "ni wapi?" Uliza "ulikula nini?", kisha kaagize hichohicho.

Tuje kwa msichana na "inakuja" yake. Hakuwa anakudanganya. Mara nyingi mhudumu hajui, na anaogopa kuingia jikoni kuuliza kwa sababu atafokewa. David Maister, aliyeandika juu ya foleni mwaka 1985, alieleza kwamba kusubiri usikojua mwisho wake kunaonekana kurefu kuliko kusubiri kulikotajwa muda, na kusubiri bila maelezo kunaonekana kurefu kuliko kusubiri kulikoelezwa sababu. Nyinyi mlipewa vyote viwili. Njia ya kumsaidia ni kubadilisha swali. Ukimuuliza "Chakula kiko wapi?" atajibu "inakuja." Ukimuuliza "Nnyabo (bibi), nisaidie kuangalia, oda yetu imeshaanza kupikwa au bado?" itabidi aende atazame, na akirudi atakuwa na jibu la kweli. Kama ni bado, baada ya dakika 40 za kusubiri, una haki ya kufuta samaki na kuomba kitu kilicho tayari wakati ule ule. Mkahawa wowote una kitu kilicho tayari.

Na baada ya chakula kufika? Ulipaswa kusema, dada. Nakuambia kwa upendo. Ila kusema kuna namna, na najua mbele ya mama mkwe mtu hawezi kusimama akapaza sauti. Inuka mezani taratibu, nenda kaunta, omba kumwona msimamizi wa zamu, si mhudumu. Nenda baada ya tonge la kwanza au la pili, sahani bado imejaa, maana sahani iliyokwisha haina ushahidi. Chukua samaki pamoja nawe. Mwambie jambo moja moja, kwa vitu vinavyoonekana: "Ssebo (bwana), samaki huyu hajaiva mfupani, tazama hapa. Naomba tuletewe mwingine aliyekatwa chale, au mumtoe kwenye bili. Chipsi za watoto zimepoa, naomba za mkupuo mpya, zisiwe hizi zilizorudishwa kwenye mafuta. Meza yetu ina mzee, tafadhali matoke yatoke kwenye majani sasa hivi." Hujamtukana mtu. Hujasema mkahawa ni mbovu. Umempa msimamizi mambo matatu anayoweza kuyatengeneza ndani ya dakika 15, na mama yuko mezani anakunywa juisi yake bila kusikia lolote. Msimamizi anayejua kazi atashukuru, maana wateja wengi hunyamaza, wakalipa, wakaondoka na wasirudi tena, naye haelewi kwa nini.

Msichana naye ungekuwa umemlinda. Malalamiko yakienda kwa msimamizi wakati chakula kiko mezani, yanakuwa ya jiko. Yakibaki kuwa minong'ono hadi wakati wa kulipa, yeye ndiye anayeyabeba.

Bili nitaipitia haraka. Ile asilimia 10, yaani shilingi 26,000 zako, si kodi ya serikali. Ni malipo ya huduma yanayowekwa na mkahawa wenyewe, na huduma ikiwa kama uliyoieleza, unaweza kuomba kwa adabu yaondolewe. Uliza pia kama yanawafikia wahudumu, kwa sababu kama hayafiki, yule msichana ungependa umpe mkononi. Kodi ya VAT ni asilimia 18, na menyu inapaswa kueleza kama imo ndani ya bei au inaongezwa juu yake. Dai risiti ya EFRIS, ile inayotolewa kwa mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya mapato (URA), uitunze. Na Uganda ina Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017, inayomtaka anayetoa huduma aitoe kwa uangalifu na ujuzi unaostahili. Sikutumi mahakamani kwa sababu ya matoke. Nakutajia ili usijione unaomba hisani unaposema samaki hajaiva. Kama kuna mtu kati yenu aliyeumwa tumbo baada ya siku ile, hilo lipelekwe kwa maofisa wa afya wa KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, maana kuna wengine waliokula samaki wa friza lilelile.

Hujachelewa kuandika. Mwandikie mwenye mkahawa ujumbe mfupi: tarehe, saa mliyofika, idadi yenu, kila sahani na kasoro yake, muda mliosubiri, na namba ya risiti. Taja pia kwamba juisi ilikuwa nzuri na kwamba mhudumu wenu alijitahidi, kwa kuwa yote mawili ni kweli na mwenye mali anahitaji kujua nini asikiguse. Usimtishe, wala usimwandikie kurasa nne. Akijibu kwa kueleza atakachobadilisha, ni mtu anayefaa kurudiwa. Akijibu kwa kukupa soda ya bure peke yake, hajakusikia.

Ukiamua kuwapa nafasi nyingine, nenda siku ya kazi, katikati ya mwezi, mfike saa sita kasoro, kabla watu wa ofisi hawajatoka. Kabla hamjakaa, zunguka kwa macho: hesabu meza zenye watu na meza zenye chakula. Ukiona meza kumi zimejaa watu na saba kati yake hazina kitu ila soda, jiko limezidiwa tayari, na menyu haitawasaidia. Ukiona ni sawa, muulize mhudumu nini kimeiva sasa, na agizeni vyakula viwili au vitatu vya kugawana badala ya kila mtu na chake.

Na mama mkwe? Kama bado hajapanda basi la kurudi Arua, mimi ningefanya hivi. Nunua kuku wa kienyeji pale Bombo, na majani mawili matatu ya mgomba, yasiyochanika. Mbanike kuku kidogo juu ya sigiri tangu asubuhi mapema. Mfunge kwenye jani pamoja na mchuzi, weka sufuria jikoni saa mbili asubuhi, moto wa wastani, uongeze maji kwa pembeni kila yakipungua, na jani usilifungue kabla ya saa tano. Mchuzi wa karanga uwe mzito kuliko unavyodhani inatosha, kwa sababu kuku atatoa maji yake. Jani likishabadilika rangi na nyumba nzima kunukia, usilifungue jikoni. Lipeleke mezani likiwa limefungwa, ulifungue mbele yake.